Sitabeba Tena Maneno Yenu

Zimeni hiyo redio, wanangu, na mlango urudishieni, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kuimaliza kwa kushindana na mtangazaji. Wewe mwanangu mkubwa, kaa hapo kwenye kiti. Wewe binti yangu, vua hiyo aproni yenye unga, ukae kitandani karibu na miguu yangu. Mkwe wangu, nipandishie mto kidogo. Hapo hapo, asante. Nimekuita na wewe kwa sababu uliolewa nyumba hii ukiwa mgeni, ukawaona hawa wawili kwa macho ambayo mimi mama yao sina.

Akili zangu ni timamu. Daktari ameniambia ukweli bila kunizungusha, na namshukuru kwa hilo. Nitasema mara moja tu, na mkitaka kulia mtalia baadaye.

Kwanza nishukuru. Nimeishi vizuri, wanangu. Niliolewa na fundi wa mashine ya kusaga, mtu aliyenuka dizeli hata siku ya harusi yake, na sijajuta. Baba yenu hakuwa mwongeaji, lakini alisikiliza kwa mwili mzima. Mashine ikianza kusumbua aliweka kiganja ubavuni mwake, akafumba macho, akasema, "Beringi ya nyuma," na ikifunguliwa inakutwa ni beringi ya nyuma. Na mimi alinijua hivyo hivyo. Nikitua sufuria kwa kishindo kuliko kawaida, aliacha alichokuwa anafanya, akaja kusimama mlangoni mwa jikoni na kuuliza, "Haya, nimefanya nini?" Wenzangu waume zao walikuwa mpaka waambiwe, tena kwa kupigiwa kelele. Wangu alisikia sufuria.

Nawashukuru na wateja, walioniita Mama Mashine mpaka jina nililopewa na wazazi likawa la kwenye kitambulisho tu. Mle ndani, mashine ikinguruma, mdomo haukuwa na kazi, tulisemezana kwa mikono: kidole juu, unga laini; ngumi, usage nusu nusu kwa ajili ya kuku; kiganja kifuani, asante. Tukaja na mikono hiyo mpaka nyumbani. Mimi na baba yenu tulikuwa tunagombana mezani kwa vidole huku ninyi mnakula mkidhani tunafukuza nzi, hadi siku wewe binti ulipokwenda kutushtaki kwa bibi yenu kwamba mama amemwita baba punda. Na ulikuwa umeelewa sawasawa.

Lakini mle mashineni palikuwa na adabu moja, na tuliwafundisha wote wawili mkiwa wadogo. Mtu mwenye neno zito, awe anatoa pole au anaomba radhi, hasemi kwa vidole na wala hapigi kelele juu ya mashine. Anasimama pembeni, anasubiri mashine izimwe na vumbi litulie, ndipo anafungua mdomo. Shikeni hapo, nitaparudia.

Nije kwenye mali, ni fupi. Mashine na chumba chake na mizani ni vya binti yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki navyo wakati mimi magoti yamenishinda. Nyumba hii ni yenu wote wawili, na nisisikie mtu ameleta fundi wa kujenga ukuta katikati ya ua. Spana za baba yenu achukue mwanangu mkubwa. Usicheke, binti. Najua hawezi kufungua hata nati ya baiskeli, lakini kila akija hapa nyumbani huingia stoo, akazishika moja moja, akazirudisha. Nimemwona.

Mali imekwisha. Nipe maji, mkwe. Kidogo tu.

Sasa linaloninyima raha. Nikiondoka mimi, ninyi wawili nani atawasemesha? Tangu tumzike baba yenu hamjaambiana neno, kila kitu kinapitia kwangu. "Mama, mwambie bwana ofisa paa linavuja." "Mama, mwambie bibi unga fundi atakuja Jumamosi." Mko chumba kimoja, mnaonana, na mimi katikati kama mkalimani wa nchi mbili zenye vita. Kuna siku chumvi ilikuwa mbele ya kaka, dada anaitaka, na nikaombwa mimi niliyekuwa mwisho wa meza. Mkwe wangu alicheka mpaka akatoka nje. Nilimshukuru moyoni, maana mimi nilikuwa karibu kulia.

Na wewe mwanangu, kazi yako ni kupokea simu za watu waliokatiwa maji. Wanakutukana kutwa nzima, na nimekusikia kwa masikio yangu ukiwajibu, "Nakuelewa, mama, endelea, nakusikiliza," mpaka anayetukana anaishiwa na kukuaga kwa heshima. Nilijivunia sana siku ile. Nikajiuliza pia, huyu anayesikiliza mji mzima, dada yake amemkosea nini?

Juzi nikambana kaka yako, binti. Akagoma, nikamwambia mimi ni mtu wa kuondoka, akasema. Wewe binti hujayasikia haya, kwa hiyo tulia. Wiki ile ya msiba kaka yako alikufuata mashineni. Alikuta unasaga, akasimama pembeni na suti yake ikijaa unga, akasubiri. Ulipozima mashine, vumbi likatulia, akakwambia, "Mdogo wangu, baba alikufa mikononi mwako wakati mimi niko mbali. Nisamehe. Mashine ni yako, na mimi niko nyuma yako." Alisema yote hayo kwenye kimya kile. Ukaendelea kufunga gunia. Hukugeuka. Akaona umemdharau mbele ya baba yenu aliye kaburini, akaondoka.

Nusu ya pili nilikuwa nayo siku nyingi, kwa sababu wewe binti ndiye uliyenipa. Uliniambia, "Mama, kaka amekuja mashineni, nimegeuka naona mgongo wake anatoka. Kaja kukagua mali kama mtu wa benki, hata pole hakunipa."

Usiniangalie hivyo, binti yangu. Najua unalotaka nisiseme, na nitalisema. Mtu akilala kitandani mchana kutwa hana kazi ila kutazama watu. Nimekutazama. Simu huipeleka sikio la kulia, hata mkono wa kulia ukiwa na kijiko. Mgeni akija humwekea kiti upande huo huo. Daktari alisimama kushoto kwako akauliza kama nimekula, ukaitikia kwa kichwa, nami nilikuwa sijala. Sikio lako la kushoto limekwenda na mashine, mwanangu, kama la baba yako lilivyokwenda. Unaficha kwa sababu unaogopa wateja watasema mwendesha mashine hasikii. Wacha waseme. Baba yako alikuwa hasikii, na mji mzima ulikula unga wake.

Basi, mwanangu mkubwa, ulisimama upande gani siku ile? Umeona. Hakuna aliyekudharau, na hakuna aliyekuja kukagua. Kumbe mna adabu wote wawili, nami nilikuwa nadhani nimezaa mawe.

Mkwe, nishike mkono. Naona miguu imepoa.

Mnizike karibu na baba yenu, msipoteze pesa kwa maturubai makubwa. Mashine isifungwe siku nyingi, watu wanakula. Mkwe wangu, hawa wakinyamaziana tena, wacheke kama ulivyowacheka siku ile ya chumvi. Nakushukuru, umenilea kama mtoto. Nawashukuru wote watatu. Mwenyezi Mungu awape umri na riziki, na awape… awape mtu wa kuwajibu kila mnapoita. Radhi yangu mnayo, yote, sijabakisha.

Bado moja. Mwanangu, inuka. Zunguka kitanda, uje upande wake wa kulia. Karibu zaidi, si mgeni huyo. Sasa mwambie tena. Yale yale… Hapana, usinitazame mimi, mimi sijaulizwa kitu. Mtazame yeye.

Binti, usinijibu mimi. Mjibu kaka yako.

Ehe.

Mnasema wote kwa pamoja sasa… na huku mnalia… sipati hata neno moja. Endeleeni. Mimi si lazima nisikie.