Mama Nipo: Wimbo Usianze Kabla Mtoto Hajalia

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nipo, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1938, mtoto wa kwanza wa mchonga mawe na mkewe. Mama yake alinusurika kufa katika uzazi ule, na nyumbani jambo hilo lilisimuliwa mara nyingi mno mbele ya mtoto. Alikua akijua kwamba kuja kwake duniani kulitisha watu.

Alianza shule mwaka 1947, akamaliza darasa la nane, kisha akapelekwa kusomea ukunga katika hospitali ya misheni. Mdogo wake wa kiume, anayewasomea haya, hakupata nafasi ya darasa. Alijifunza kusoma kwa kitabu cha ukunga cha dada yake, ndiyo maana alijua kuandika "kondo la nyuma" kabla ya kujua kuandika jina lake mwenyewe. Marehemu alilicheka jambo hilo mpaka uzeeni.

Kazi aliianza Machi 1958, akastaafu mwaka 1993. Chumba chake cha kuzalishia kilikuwa na kitanda cha chuma, beseni lililobanduka rangi na dirisha ambalo hakulifunga. Wakunga wenzake walizoea kuwaambia wanawake wasiogope. Yeye hakusema hivyo hata mara moja. Alimshika mtu mkono, akamwambia, "Ogopa tu, mwanangu. Nipo." Jina lake lilitoka hapo.

Tarehe 14 Oktoba 1961 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole aliyechelewa kila mahali, hata harusini kwake. Walijaliwa watoto watatu. Fundi saa alitangulia mwaka 1999, na safari hiyo hakuchelewa.

Ninyi vijana hamkuiona Krismasi yake. Asubuhi ya sikukuu, kanisani, mtoto mchanga kuliko wote katika ushirika alilazwa horini, juu ya majani makavu. Kinanda kilifungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuimba mpaka mtoto alie. Utaratibu huo aliuleta yeye, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimama kando ya hori. Kimya kile kilitisha. Kila mama alikumbuka pumzi aliyowahi kuingoja, na wapo walioikumbuka ile ambayo haikuja. Mwaka mmoja mtoto alilala fofofo. Kimya kikarefuka, wanawake wakaanza kufuta machozi, mwalimu wa kwaya akashindwa kuvumilia, akaanzisha wimbo. Dada akamgeukia. "Nyamaza. Siku ile hata mbinguni walikuwa wanangoja." Kisha akamkuna mtoto unyayo kwa ukucha. Kilio kikatoka, na kanisa zima likaimba huku likilia. Mtoto yule ni dereva wa lori aliyesimama pale nyuma, na mpaka leo ukimwita hasikii mara ya kwanza.

Mchungaji mmoja kijana alimuuliza kwa nini anaitia hofu sikukuu ya furaha, wakati malaika mwenyewe alisema msiogope. Alimjibu kwamba malaika ana haki ya kusema hivyo, maana hajawahi kuzaliwa wala hatakufa. Mungu naye angeweza kubaki juu akatuambia hivyohivyo. Badala yake alikubali kuwa kichanga ambacho watu wamekiinamia, wanasikiliza kama kinapumua. Krismasi aliyoijua dada ni hiyo: Mungu ameingia chumbani mwa wanaoogopa.

Siku hizi horini mna mwanasesere wa plastiki, na spika zinaimba kabla hatujakaa. Tunaambiwa mtoto wa kweli ataugua. Sawa. Mwanasesere haugui, hakuna anayemhofia, na sikukuu ikiisha anarudishwa kabatini pamoja na taa za kumetameta.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Miezi ya mwisho aliogopa sana, na hatutalifunika hilo kwa maneno matamu. Aliogopa kufumba macho. Aliogopa mlango ukifungwa. Wageni walimwambia mtu wa Mungu haogopi kifo, naye akageukia ukutani mpaka wakaondoka. Tarehe 9 Januari 2024, mchana, alimshika mdogo wake mkono akasema, "Naogopa. Na kama upande ule hakuna anayenipokea?"

Vitabu vyote alivyosoma mdogo wake havikumpa jibu. Alisema lile tu alilokuwa nalo. "Ogopa tu, dada. Nipo."

Akashusha pumzi. Tukaingoja nyingine.

Ameacha binti wawili na mwana mmoja, wajukuu tisa, mdogo wake huyu, na kitukuu mchanga aliye mikononi mwa mama yake hapa kaburini.

Aliacha agizo moja: hapa pia wimbo usianze kabla mtoto hajalia. Kwa hiyo kwaya ifunge vitabu, na ile spika izimwe. Tutasimama kimya, na anayeogopa aogope, yuko na wenzake. Mtoto akilia, tuimbe wimbo wa Krismasi, hata kama ni Januari.

Pumzika kwa amani, dada. Tupo.