Masomo Kumi na Mawili ya Hemamali Ekanayake

Waheshimiwa watawa, ndugu na majirani, mimi Upul, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na nitayasoma yote, hata yale ambayo mtu mmoja hapa angependa niyaruke.

Hemamali Ekanayake alizaliwa Gampola tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa mwalimu wa hesabu, akasoma hapo hapo hadi mwaka 1987, akahitimu ukutubi Colombo mwaka 1993, na tarehe 1 Juni 1994 akaajiriwa kwenye maktaba ya chuo kikuu. Aliolewa na Sarath mwaka 1996, wakajaliwa binti mmoja, Dinithi.

Mwaka 2009 alianza kuandika, kwenye tovuti ya maktaba, masomo kumi na mawili ya kuwafundisha wanafunzi kutafuta makala, kupima kama chanzo kinaaminika, na kumtaja mwenye kazi yake. Mwaka 2014 mkuu wake, Profesa Weerakkody, alifuta jina la dada kwenye kurasa zote akaweka la kwake, na dada alipouliza akajibiwa mbele ya wahudumu, "Wewe mama, panga vitabu, haya mengine tuachie wasomi." Dada hakulia. Nililia mimi, kwa hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa.

Lakini mwizi hakusoma kwa makini alichoiba. Katika somo la saba dada alitunga kitabu kisichokuwepo duniani, pamoja na mwandishi wake, ili wanafunzi wakihakiki wagundue ni hewa, na Profesa akakinukuu kwenye kitabu chake mwenyewe, ukurasa wa 112. Dada alipoliona hilo mwaka 2019 alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Mdogo wangu, nyamaza. Siku ya msiba wangu atakuja kukaa mbele, si unamjua? Msomee hapo hapo."

Aliugua saratani ya ini Februari 2023, akafariki Kandy tarehe 14 Agosti 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wakutubi wenzake, ambao jana saa nne asubuhi walirudisha jina lake kwenye kurasa zote, kisha wakapeleka ukurasa wa 112 kwa baraza la chuo. Profesa, kaa tu, chai inakuja.

Dada, ufikie amani ya Nirvana, nimeshasoma.