Ndoo ya Maji na Nafasi Iliyo Wazi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, mtafiti wetu wa watumiaji anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Faili lake lina jina kamili, lakini ofisi nzima inamjua kama Bi Ndoo.

Alianzia mapokezi, akipokea simu. Malalamiko ya wateja aliyaandika kwenye daftari neno kwa neno, matusi yakiwemo. Mkurugenzi wa wakati huo alilisoma, akacheka mpaka machozi, kisha akamhamishia kitengo cha utafiti. Hakutoka tena.

Jina la Ndoo lilikuja na programu yetu ya simu ya usalama binafsi, ile inayowajulisha watu wako wa karibu ukiwa hatarini. Menyu zake, yaani kurasa za kuchagulia huduma kwenye simu, nilizichora mimi, na nilizijaribu nikiwa nimekaa kitini, chai pembeni. Bi Ndoo alinishikisha ndoo ya maji mkono wa kulia, akaniamuru nipande ngazi huku nikitafuta kitufe cha dharura kwa kidole gumba cha kushoto. Aliye hatarini, alisema, hakai kitini na chai. Nililowa mpaka soksi, na kitufe sikukiona. Kesho yake kilihamia ukurasa wa kwanza. Tangu hapo hakuna menyu iliyotoka bila kupimwa kwa ndoo.

Kazi yake kubwa kuliko zote, hata hivyo, haikuhitaji ndoo. Siku nne kabla ya uzinduzi alimwalika mpishi wa hoteli aijaribu menyu. Mama wa watu alimaliza hatua zote bila kukosea, nasi tukaanza kupongezana. Bi Ndoo peke yake aliona kidole kikisita kwenye ukurasa wa mtu wa kwanza kujulishwa. Ili kumrahisishia mtumiaji, nilikuwa nimepanga jina la mume au mke lijijaze lenyewe kutoka fomu ya kujiandikisha. Bi Ndoo alifunga kompyuta, akasogeza kiti karibu naye. Mpishi akasema taratibu: "Huyo ndiye ninayemkimbia, dada."

Uzinduzi ukaahirishwa wiki tatu. Nakiri kwamba nilinuna, tena nikasema kikaoni kuwa hatuwezi kusimamisha kazi kwa ajili ya mtu mmoja. Bi Ndoo hakubishana. Aliuliza tu ni nani kati yetu angempigia huyo mmoja kumweleza hivyo. Niliona aibu, nikaufuta mpango ule wa jina kujijaza kwa mkono wangu. Sasa nafasi ya mtu wa kwanza kujulishwa huanza ikiwa wazi.

Miezi miwili baadaye mpishi alipiga simu. Kwenye nafasi ile alikuwa amemweka mama yake mdogo, siku ya hatari ilipofika akabonyeza kitufe, na sasa anaishi salama kwa mama huyo.

Bi Ndoo, asante kwa kutufundisha kutazama vidole. Ndoo tunabaki nayo. Wewe nenda kapumzike, wajukuu wakusumbue kwa zamu. Tunakutakia afya njema na asubuhi zisizo na vikao. Ombi letu ni moja: usibadilishe namba ya simu. Ile nafasi iliyo wazi, kwenye simu yangu nimekuweka wewe. Jana nilipita meza kwa meza nikiuliza, na siko peke yangu.