Madi Boinali na Fimbo ya Wapimaji

Wallahi, billahi, tallahi, jamaa zangu, mimi Msaidié, mdogo wake marehemu, naapa mbele ya jeneza hili kwamba nitakayosema ni kweli tupu, nikiongeza hata moja ulimi wangu ukatike hapahapa.

Kaka Madi Boinali alizaliwa tarehe 12 Machi 1949, Nosy Be, mtoto wa kilo saba, akasoma chuoni kwa Fundi Maoulida miaka minne, Kurani akaijua, Kifaransa hata herufi moja hakuijua, na mwaka 1972 akamwoa Kouraichia hapa Mahajanga, wakamzaa Echata. Baada ya zile ghasia, watu wetu wa visiwani walipouawa hapa mjini, Februari 1977, mke na mtoto wakapanda meli na wenzetu, wakaishia Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Mfaransa, Madi mwenyewe yuko kazini Nosy Be, hata kuagana hawakuagana.

Tarehe 3 Aprili 1979 wanajeshi wapimaji walimchukua awashikie fimbo ya vipimo, mita nne, akaisimamisha kwa muda wa saa sita bila kupepesa jicho, kanali mwenyewe machozi yalimtoka. Walitaka kupima mpaka wa baharini siku moja na wapimaji wa ng'ambo, Wafaransa wa Mayotte, Madi avuke nao mpaka kule kwa mkewe kwa ruhusa ya serikali, basi wakamwambia nenda na fimbo yako nyumbani, pande mbili zikikubaliana utaletewa barua. Akasubiri hapa mtaani kwetu Antanimasaja miaka thelathini na mbili, hakuoa tena, fimbo mlangoni, majirani wakimtania, "Kaka Madi, haijaota majani tu?" naye, "Inakungoja wewe uje uipalilie."

Akashikwa na ini, akalazwa siku kumi na moja, akafariki jana, tarehe 9 Agosti 2011.

Na barua ilikuja, jamaa. Ilikuja Juni 1980, akanipa mimi, maana mtaa mzima nilishautangazia kwamba Kifaransa nakisoma kumshinda padri, nikaikodolea macho, nikamwambia wanasema subiri. Leo asubuhi tumeikuta ndani ya kitambaa alichoifungia fimbo, mwalimu Fazul akaisoma, kumbe alitakiwa bandarini Nosy Be tarehe 20 Juni, safari tayari, asiyefika nafasi yake anapewa mwingine.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliomuosha, na wapimaji wenzake wawili waliobaki. Lala, kaka, hakuna wa kukwambia subiri tena.

Nanyi nawaomba, Echata akipiga simu kutoka huko Mayotte, hili mtu asilirudie, mwacheni ailaumu serikali, kama alivyoilaumu baba yake.