Homa Aliyopewa Bonge

MJOMBA: Haloo, dada! Cherehani inasemaje?

RULA: Siyo mama. Ni mimi, nimeazima simu yake.

MJOMBA: Ah, Rula wangu! Ngoja nitoke nje, hawa walimu wenzangu wanacheka kama wako harusini... Haya. Hata shikamoo leo hakuna?

RULA: Nimetoka chuoni.

MJOMBA: Chuoni kufanya nini tena? Majina si yalishatoka—

RULA: Nilitaka kujua kwa nini langu halipo.

MJOMBA: Si nilikwambia? Hesabu. Mtu hawezi kusomea kuchora majumba na hesabu ya—

RULA: Siyo hesabu.

MJOMBA: Ulipata thelathini na nane, mwanangu.

RULA: Bonge alipata thelathini na moja. Jina lake lipo.

MJOMBA: Haloo? Mtandao wenu huko—

RULA: Nakusikia vizuri. Mama wa dirisha la mapokezi pale chuoni kanieleza. Michoro yako ikiwa mizuri, hesabu mbovu haikutoi papo hapo. Wanampigia mwalimu wako wa hesabu. Wanamuuliza: huyu alikuwa na siku mbaya, au uwezo wake ndio huo? Basi. Akijibu hivi unaingia, akijibu vile unabaki nyumbani.

MJOMBA: Kila chuo kina utaratibu wake—

RULA: Mwalimu wangu wa hesabu ni wewe.

MJOMBA: Ni mimi, ndiyo.

RULA: Na wa Bonge ni wewe.

MJOMBA: Bonge nimemzaa, lakini darasani ni mwanafunzi kama—

RULA: Ulisemaje juu yangu?

MJOMBA: Nilikusifu! Haki ya Mungu. Nikasema una bidii, nikasema mkono wako ukivuta mstari—

RULA: Kwenye hesabu.

MJOMBA: [mkwaruzo] ...nika... wezo...

RULA: Imekatika. Rudia.

MJOMBA: Nikasema uwezo wake ndio huo. Sasa nisikilize. Nimeona watoto wakiingizwa pale kwa kuonewa huruma, mwaka haujaisha wanarudi na mabegi kichwani. Sikutaka wewe—

RULA: Kila Jumamosi, mezani kwako. "Jaribu tena, Rula, unakaribia." Nilikuwa nakaribia wapi?

MJOMBA: Mwalimu hamwambii mtoto kwamba hawezi.

RULA: Anawaambia watu wengine.

MJOMBA: We! Unaongea na mimi hivyo?

RULA: Nisamehe. [anavuta pumzi] Na Bonge ulimsemaje?

MJOMBA: Mambo ya Bonge yaache—

RULA: Kanieleza mwenyewe. Hana hili wala lile, anacheka tu. Eti "mzee kaniokoa, kawaambia niliingia kwenye mtihani na homa."

MJOMBA: Mtoto yule na mdomo wake!

RULA: Mjomba, nani alikuwa na homa?

MJOMBA: ...Marahaba, marahaba. Pita, kengele imelia, nenda darasani.

RULA: Nakuuliza.

MJOMBA: Kuna wanafunzi hapa, Rula.

RULA: Ulinibeba mgongoni kutoka mlango wa ukumbi wa mtihani. Bonge akashika viatu vyangu. Nikakutapikia begani.

MJOMBA: Nakumbuka.

RULA: Ukasema usijali, nguo zinafuliwa.

MJOMBA: Nimesema nakumbuka!

RULA: Sasa ile homa ulimpaje yeye?

MJOMBA: Walianza na jina lake. Wakauliza, ikanitoka tu. Halafu wakafika kwako. Ningesema tena homa? Watoto wawili, ukoo mmoja, mwalimu mmoja, homa mbili? Wangecheka, wakawakata wote.

RULA: Kwa hiyo ulijua.

MJOMBA: Nilijua nini?

RULA: Kwamba uwezo wangu siyo ule.

MJOMBA: Mwakani kuna mtihani mwingine. Nitakufundisha kila siku, siyo Jumamosi tu, nitakuja mwenyewe hadi—

RULA: Usije.

MJOMBA: Utafundishwa na nani?

RULA: Sijui. Na mtu mwingine.

MJOMBA: Mama yako umemwambia?

RULA: Yuko mlangoni anapiga pasi. Anajua ulihangaika ukashindwa.

MJOMBA: Usimwambie. Nakuomba, Rula. Nitamtafutia maneno mimi—

RULA: Anakuja. Anataka kuongea na wewe.

MJOMBA: Subiri, usimpe, usimpe simu—

MAMA: Kaka yangu! Tangu jana nataka nikupigie. Asante kwa kumsemea mtoto, sikia, wengine hawana hata mtu wa kusema neno. Na hongera ya Bonge!

MJOMBA: Dada...

MAMA: Nguo zake za chuo nashona mimi, usibishe. Kitambaa nimeshanunua. Na Rula ndiye atakayekata, maana mwanao yule hapimiki, anataka mkono ulionyooka— Haloo? Kaka, mbona huitikii?

[salio limekwisha]