Udongo Nilioung'oa Kisimani

Mabwana, nanyi mama zangu mlioko nyuma ya pazia, niwieni radhi nikisema nimeinama. Kesho mnaanza kuchimba kisima cha pili hapa Mbwajumali, na aliyekiharibu cha kwanza ni mimi.

Ilikuwa kabla ya habari za vita vya Wajarumani kutufikia. Maji yalikuwa matamu lakini machache, nikaombwa nishuke niyaongeze. Kule chini mwamba una nyufa. Mmoja, upande wa bahari, ulijaa udongo mwekundu mgumu. Nikapaza sauti, "Huu ndio utuzibiao mai!" Nikauchokoa wote kwa mtaimbo.

Ndugu zangu, maji yalibubujika! Vigelegele vikapigwa, nami nikatoka kifua mbele. Bamvua, yale maji makuu ya bahari, lilipojaa, kisima kikawa chumvi. Kumbe udongo ule ndio uliokuwa ukituzuilia bahari.

Birika la udhu la msikiti, lililojazwa toka kisimani, nalo likaharibika. Niliwasikia watu wakisukutua na kutema, nikaacha kwenda sala ya jamaa. Kina mama wakafuata maji mbali, wakipita kwangu na mitungi kichwani, nami najibanza nyuma ya mlango, mtu mzima na ndevu zangu! Msicheke. Au chekeni, ni haki yenu.

Siku moja mama mmoja, simtaji, akabisha hodi. Nilidhani kaja kunitukana. Akanipa kata ya maji aliyoyabeba toka mbali.

"Nwa, bwana. Kisha ndoo kisimani utuonyeshe ndia ya bahari. Hakuna mwingine aliyeiona."

Nikashuka maji yalipokupwa. Bahari ilipoanza kupanda nikaulamba kila ufa. Nyufa nyingine zote zilitoa maji matamu. Ni ule wangu tu uliotoa chumvi. Kina mama wakaleta udongo wa mashambani, wanaume wakaushindilia pamoja nami. Masika yakanyesha, yakaosha chumvi iliyobaki. Bamvua lililofuata, kijiji kizima kikasimama kisimani. Mama yule akaonja wa kwanza. Akajaza mtungi wake, akajitwika, akaenda zake.

Nawashukuru nyote mlioshika udongo siku ile. Kesho mkikuta ufa uliozibika, msiuguse mpaka bamvua lipite na maji yaonjwe. Ufa huleta maji, na ufa huzuia maji. Mimi nilijua nusu tu.

Nawe mama, najua umo humu. Siku ile ya kata ya maji sikukushukuru. Ahsante.