Askari Aliyeletwa Kuoshwa

Nyuma yangu kwenye treni, kijana anayeosha maiti msikitini kwao alikuwa akizungumza na mama mmoja aliyekaa naye. Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

“Walianza wao, hao askari,” mama alisema. “Mwanangu walimpiga risasi wakamuua kwenye maandamano, ameshika bango tu.”

“Pole sana, mama. Hata mimi nilikuwa nasema askari wapigwe, dhuluma ijibiwe. Kisha nikaletewa askari aliyeuawa kwa mawe, nimwoshe. Rika langu kabisa. Nilijuta kila neno. Sasa kwangu mimi, hata tukiwa na haki, kuua hapana.”

“Na kama ungeletewa mwanangu, baba, ungesema hivyohivyo?”

“Sijui, mama.”

Treni ikasimama. Mama akashuka, na kijana akampitishia mkoba wake dirishani.